Vidonge vya Mwanapili

Mwabungo
Jumapili, 11 Februari 2024

Kwako Mwanapili, mjukuu wangu, mke mwenzangu uliyenikimbia ukaenda kuoka mikate Nanyuki kwenye baridi,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, magoti ndiyo yanayolalamika. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja amekufa. Nazi za mnazi wa nyuma zimeibwa tena, na mwizi namjua, ila nasubiri siku atakayokuja na wakwe zake ndipo nimuulize. Subira amechumbiwa. Kijana ni wa Bodo, anaitwa Swabir, anauzia mahoteli kaa. Ana macho ya aibu na mikono ya kazi, nimempitisha. Harusi ni mwezi wa sita baada ya Idi ya kuchinja, nawe ni binti wa mjombake, utakuja na utatoka na sare kama wenzako. Nguo yako imeshakatwa.

Sasa lile la simu. Usije ukasema ni mtandao. Nilikata mwenyewe. Simu hii ina sauti ya mhadhara, na Syovata jirani alikuwa hapa uani anachagua nazi, akasikia ukitaja kufa mara tatu. Alipotoka kanishika mkono, kanipa pole. Pole ya nini? Nilisoma ngumbaru miaka mitatu nikiwa tayari nina wajukuu, sikusoma ili nije nipigiwe kelele sikioni. Jambo zito liandike. Muthoka, mtoto wa Syovata, yuko pale Ukunda kwenye ofisi ya vifurushi vya mabasi, barua zako zitanifikia kwa mkono wake.

Unataka bima ya maisha. Ati ukifa, Twaiba alipwe. Mtoto wa miaka sita unataka kumfundisha kungoja kifo cha mamake? Mimi nimezika mume, nimezika na mwana, hakuna aliyenilipa, na hakuna aliyeliona chozi langu. Watu wa Mwabungo mpaka leo wanalitaja jambo hilo.

Tena ulisema hao watu wa bima wameomba ruhusa yako wakaangalie ulikotibiwa zamani na dawa ulizopewa. Hilo sikulipenda. Mambo ya mtu na daktari wake ni kama nguo yake ya ndani, hayaanikwi. Usitie sahihi.

Msalimie Twaiba. Mwambie bibi yake mkubwa amesema avae soksi.

Ni mimi,
Bibi yako


Nanyuki
Jumamosi, 2 Machi 2024

Kwako Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta na afya, na magoti yamepoa. Sisi hatujambo. Twaiba ameng'oka jino la mbele, analiweka kwenye kiberiti, anasema atakuletea wewe ulitupe juu ya paa. Kazi ni nyingi. Naingia jikoni alfajiri, nikitoka nanuka hamira hadi kwenye nywele. Baridi ya huku, Bibi, mafuta ya nazi yanaganda kwenye chupa.

Sahihi nilishatia kabla barua yako haijafika. Unisamehe. Bima yenyewe ni ya takafuli, nilimuuliza imamu wa msikiti wa hapa akanieleza kuwa ni watu wanachangiana ili mmoja akifikwa wengine wamsimamie. Sikuifanya kwa kutamani kifo. Naifanya kwa sababu ya Baba. Unakumbuka alipoanguka kwenye paa la makuti kule Galu, yule mwenye nyumba alituletea nini? Gunia la mchele na barua ya pole. Twaiba babake hajulikani aliko. Nikianguka mimi, hapati hata gunia.

Sasa sikiliza Bibi, maana hapa ndipo ninapoumia. Wamenikataa.

Kwenye fomu kulikuwa na swali: je, umewahi kutumia dawa za huzuni au za ugonjwa wowote wa akili? Nikaandika hapana. Wao wakaenda kuangalia, wakakuta kwenye kumbukumbu za kliniki ya Ukunda, kule tulikokuwa tukitibiwa sisi wafanyakazi wa hoteli, kwamba Mwanapili Mbarak, kwa namba ya kadi yangu ya matibabu ya hoteli, alikuwa akichukua dawa za huzuni kila mwezi tangu Julai 2019 hadi Agosti 2020. Miezi kumi na minne.

Wakala amenieleza kwamba dawa zenyewe si neno. Wengi waliozitumia hukubaliwa, pengine mchango wao huongezwa kidogo, pengine huambiwa wangoje. Mimi nimekataliwa kwa kuwa niliandika hapana. Kwao mimi ni mtu aliyeficha. Na nikienda kampuni nyingine nitaulizwa kama nimewahi kukataliwa popote, nami itabidi niseme ndiyo na kwa nini. Nimepewa siku tisini za kulalamika, zinaisha tarehe 27 Mei. Wanataka ithibati kwamba dawa zile hazikuwa zangu.

Bibi, mimi kadi ile sikuitumia hata siku moja. Niliiacha kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, chumbani. Wewe ndiye mwenye nyumba, hakipiti kitu usikione. Nani aliichukua?

Nakuomba unijibu upesi.

Mjukuu wako,
Mwanapili


Mwabungo
Jumamosi, 30 Machi 2024

Kwako mjukuu wangu,

Assalaam aleikum, na Ramadhani njema. Usiseme nimechelewa. Mwezi mtukufu ni kazi, na miwani yangu mguu mmoja umevunjika, nimeufunga kwa uzi. Mvua imenyesha siku mbili ikakoma. Mihogo iko. Yule mbuzi aliyebaki ananifuata mpaka msalani. Msikiti wetu umepata kipaza sauti kipya, sasa hata waliolala hawana udhuru. Subira ameanza kufunga safari za Bodo na mashangazi, wanapelekeana vyakula vya kufuturu, mimi natuma mikate ya sinia, kule wanarudisha kaa. Wiki nzima nyumba inanuka kaa.

Hilo jino usilitie kwenye kifurushi, litapotea. Lihifadhi mpaka mje.

Kuhusu hao watu wako wa bima. Mtu akiitwa mwongo na watu asiowajua, aachane nao. Wewe una mikono, una kazi, ya nini kuwabembeleza?

Na kuhusu kadi. Nyumba yangu ina milango miwili na kopo la biskuti halina kufuli. Mimi sikuwekwa hapa kulinda makopo. Chumba kile wewe ulipokwenda kukaa kwenye nyumba za wafanyakazi alikuwa akilala Subira. Wakati ule ndipo alipokuwa ameachwa na yule mume wa kwanza, analia kutwa, hali, mpaka nikawa namfokea. Mimi sisemi kitu. Nasema nani alikuwa akilala wapi.

Funga vizuri. Usifuturu kwa soda.

Bibi yako


Nanyuki
Ijumaa, 19 Aprili 2024

Kwako Bibi,

Shikamoo, na Idi iliyopita iwe ya heri. Twaiba alipata mafua, sasa amepona.

Nilimpigia Subira siku ya Idi pili. Nilimuuliza kwa upole, wallahi, nilianza na habari za harusi. Nikamwambia najua kuhusu kadi, najua alikuwa na shida, lakini aende kliniki akaseme ni yeye ili nipone. Kisha akasema, "Kama Bibi amesema ni mimi, basi ni mimi." Nikamuuliza ataenda lini kutia sahihi. Akasema hawezi kwenda kutia sahihi. Nikamuuliza kwa nini. Akakata.

Bibi, mimi na Subira tumenyonya ziwa moja mwaka ule mama yangu alipougua. Sikujua kama ana roho hiyo. Anaogopa Swabir na watu wa Bodo wasisikie, ndiyo maana. Ili yeye aolewe vizuri, mwanangu akae bila kinga na mimi niitwe mwongo.

Sitakuja harusini. Nguo ya sare uliyonitumia nimeirudisha kwa mkono wa Muthoka. Ampe mwingine.

Zimebaki wiki tano.

Mwanapili


Mwabungo
Jumapili, 28 Aprili 2024

Mjukuu wangu,

Assalaam aleikum. Nguo imefika. Subira aliifungua akadhani ni zawadi. Alipoona ni ile ile aliikunja tena kwa mikunjo yake, akaiweka juu ya kabati, akaenda kuchota maji ilhali mapipa yamejaa.

Njoo harusini. Haya mengine yaache. Twaiba nitamsomesha mimi kwa nazi zangu.

Nimechana barua tatu kabla ya hii. Karatasi zimekwisha.

Bibi


Mwabungo
Jumatano, 15 Mei 2024

Mwanapili,

Salamu utazikuta mwisho. Nikianza nazo nitaishia kwenye mbuzi tena.

Ni mimi. Kadi niliichukua mimi, na vidonge nilimeza mimi. Subira hajagusa hata kimoja.

Soma polepole, nami naandika polepole.

Ile arobaini ya babako ilipokwisha, watu wakaenda makwao na masufuria yao. Mimi nikabaki. Nikawa nasimama mbele ya jiko nimesahau nimekuja kupika au nimemaliza. Usingizi hauji. Nikilala nalisikia lile kuti likipasuka, paa la watu nililokuwa sijaliona hata kwa macho, nalisikia likipasuka. Ikafika wiki ya pili sijalala, nikaenda Ukunda. Nilijiambia naenda kwa ajili ya magoti.

Kadi yako niliichukua kwa kuwa nilijua hoteli inalipa. Nawe ulikuwa mzima kama jiwe, kadi imelala kwenye kopo. Pale dirishani karani akaniuliza jina. Nikasema Mwanapili Mbarak. Akatazama kadi, akaona Mwanapili Mbarak, akaandika. Picha haikuwapo. Mimi sikudanganya jina, na hilo ndilo nililojifichia miaka yote hii. Babangu ni Mbarak. Mwanangu nikamwita Mbarak kwa ajili ya babangu. Naye alipokupata wewe akakuita Mwanapili kwa ajili yangu. Niliona kama mtu aliyechukua shuka lake mwenyewe kwenye kamba ya nguo. Sikufikiri kwamba kuna mahali sisi wawili tunaandikwa kama mtu mmoja.

Nikaingia kwa daktari. Msichana wa bara, anaitwa Jemima, mikono baridi. Nikamwambia magoti. Akayashika, akayaacha, akanitazama usoni.

"Bibi, unalala?"

"Silali."

"Unalia?"

"Silii."

"Tangu lini?"

"Tangu Mbarak."

Akaniuliza Mbarak ni nani, nikamweleza. Akaandika, kisha akanipa karatasi ya vidonge. Nikamuuliza ni vya nini. Akasema ni vya huzuni. Nikamwambia mimi sina huzuni, nina mwana aliyekufa. Akasema, "Meza hata hivyo, Bibi."

Basi nikameza. Kila mwezi nikawa naenda dirishani naichukua pakiti, naifunga kwenye pindo la leso. Nyumbani nikasema ni dawa ya magoti. Vilinisaidia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mpaka ulipoacha kazi hotelini kadi ikafa, nami nikaviacha.

Lakini si kadi inayonikosesha raha. Unakumbuka Ijumaa moja ulikuja kutoka kazini, ukakaa jikoni ukalia, ukashindwa kunyamaza? Nilikwambia nyamaza, unamsumbua babako kaburini. Nikakwambia nitazame mimi, mama yake, umeniona nalia? Ulinitazama. Ukafuta uso, ukainuka ukakuna nazi. Wakati ule kidonge cha siku ile kilikuwa kwenye leso, kiunoni pangu. Nilikuwa nangoja utoke nikimeze.

Sikuwahi kukuona ukilia tena. Nikajisifu kwa watu kwamba nimekulea ukawa imara.

Nawe ulipoandika kuuliza ni nani, nikakupa Subira. Sikumtaja kwa jina la wizi, nilimtaja kwa jina la kitanda. Nilijua unachotaka kusikia nikakisogeza karibu. Mimi mtu mzima, ndani ya Ramadhani, nimefunga.

Juzi nilimwita Subira nikamwambia. Nilimkalisha, nikafunga mlango. Nilitegemea atanililia au atanitukana, nilikuwa tayari kwa yote mawili. Akasema, "Bibi, mimi nilikuwa nakuona. Tulikuwa tunalala chumba kimoja mwezi ule wa mvua. Ulikuwa unanigeuzia mgongo ukimeza."

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kubebeshwa. Akasema, "Ningemwambia nini? Kwamba wewe ndiye?" Akaendelea kuchambua mchele. Mwanapili, miaka sabini na minne niliyonayo, sijawahi kuona aibu ya namna ile. Mtoto niliyekuwa namfokea kwa kulia ndiye aliyenifichia kulia kwangu.

Kesho yake tulikwenda Ukunda, mimi na yeye. Karani ni mwingine, kijana, anatafuna kitu. Nikamwambia nimekuja kusahihisha faili. Akasema faili la mtu halisahihishwi na mtu mwingine. Nikaweka kitambulisho changu juu ya meza. Akasema, "Bibi, hii inasema umezaliwa elfu moja mia tisa hamsini, na mwenye faili amezaliwa tisini na mbili." Nikamwambia hasa, hilo ndilo lililonileta. Hakuelewa. Nyuma yangu kuna foleni, nimewaona wawili wa Mwabungo na mmoja wa Galu, na Syovata yule yule alikuwa amekuja na mjukuu wake mwenye homa. Nikasema kwa sauti ya kusikika, maana dirisha lile lina kioo: "Vidonge vya huzuni vya mwaka elfu mbili na kumi na tisa vilikuwa vyangu. Mjukuu wangu hajawahi kuvimeza. Andika."

Syovata akatazama chini. Mimi sikutazama chini.

Wakatupeleka ndani kwa mganga mkuu wa pale. Daktari Jemima amehama zamani. Lakini yule msichana, Mungu amweke, alikuwa ameandika kwa ukamilifu. Mkuu akalifungua faili lako, akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti. Siku ya kwanza imeandikwa: mgonjwa ni mama mzee, miaka kama sabini, maumivu ya magoti, amefiwa na mwanawe mkubwa aliyeanguka kutoka paani, halali, anakataa kulia. Namba ya juu ni yako, maneno ya ndani yote ni yangu. Lilikaa hivyo miaka mitano na hakuna aliyesoma zaidi ya namba.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya mganga mkuu yenye mhuri, nakala ya ukurasa ule, nakala ya kitambulisho changu na maelezo yangu niliyoandika kwa mkono wangu. Karani alitaka kuniandikia, nikamnyang'anya kalamu. Muthoka ataipandisha basi la leo, utaipata kabla siku hazijaisha. Mkuu alinionya kwamba wenye bima ile ya hoteli wanaweza kunidai kwa kutumia kadi isiyo yangu. Wakija watanikuta barazani, nitawapa viti.

Mengine siwezi kukuomba. Subira muombe wewe radhi, mimi yangu nimeshaomba.

Assalaam aleikum. Mbuzi hajambo.

Bibi yako


Nanyuki
Jumamosi, 8 Juni 2024

Kwako Bibi yangu,

Shikamoo.

Barua yako ilifika tarehe 18, karatasi nilizipeleka tarehe 20. Hii ya kwako wewe ndiyo iliyonishinda. Nimeanza mara nyingi. Siku za kwanza nilikuwa na hasira, sitakuficha. Si za kadi. Ungeniomba kadi ningekupeleka mwenyewe, ningekushika mkono. Hasira zangu zilikuwa za ile Ijumaa jikoni. Naikumbuka, Bibi. Nakumbuka hata nazi yenyewe, ilikuwa nusu mbovu.

Wakala aliponiambia mara ya kwanza kwamba imeandikwa nilimeza dawa za huzuni miezi kumi na minne, unajua nilifikiri nini? Kabla ya kushtuka, kabla ya kuuliza nani, nilitamani ziwe zangu kweli. Nilitamani mwaka ule kuna mtu alinitazama akaniuliza kama nalala. Nilikuwa nikioka usiku kwa zamu mbili kwa sababu kitandani hapalaliki. Sikwenda kwa daktari yeyote. Nilijua kwetu hatuendi.

Subira nimempigia. Nilianza kuomba radhi akanikatiza, akaniuliza kama sare nitaikuta inanitosha au mikate imeninenepesha. Nitakuja, Bibi. Nitafika na Twaiba Jumatano ya kabla ya harusi. Jino liko kwenye kiberiti.

Kampuni wamejibu. Wamepokea ithibati, ile alama ya kuficha wameifuta, na maombi yangu yamefunguliwa upya. Lakini wameniletea fomu nyingine ya kujaza, maana mambo yamejulikana. Kuna swali hili: je, katika familia yako ya karibu, wazazi au bibi na babu, yupo aliyewahi kutibiwa kwa ugonjwa wa huzuni? Lina nafasi ya jina na mwaka. Na chini yake wananiuliza tena mimi mwenyewe kuhusu usingizi, kama nimewahi kukosa kulala kwa muda mrefu baada ya msiba.

Wakala amesema majibu hayo hayatanizuia, huenda yakaniongezea kitu kidogo tu. Amesema linalozuia tayari nalijua.

Yote nimejaza isipokuwa hapo pawili. Ya pili ni yangu, nitaitafakari. Ya kwanza ni yako. Sitaandika jina lako kwenye karatasi ya watu bila wewe kuniruhusu. Nangoja neno lako.

Mjukuu wako,
Mwanapili


Mwabungo
Alhamisi, 13 Juni 2024

Kwako mjukuu wangu, mke mwenzangu, mwenye jina langu,

Assalaam aleikum. Barua yako imefika jana jioni, na Muthoka nimemweka hapa barazani na uji mpaka nimalize hii, arudi nayo. Asikwambie nimemchelewesha, amekunywa bakuli mbili.

Mimi ni mzima. Magoti yale yale. Idi tutachinja kwa kitoweo yule mtoto wa mbuzi aliyebaki, nimemwambia Subira amchinjishe wakati mimi nipo msikitini, maana ananifuata sana. Habari za vidonge zimeenea Mwabungo nzima, kama nilivyotegemea. Unajua nini kilichotokea? Syovata alikuja akakaa, akaniambia yeye alimeza miaka mitatu, tangu mumewe. Mama wa upande wa pili wa barabara akaja kuniuliza kliniki ile wako siku gani. Nimewafokea wote wawili kwa kukaa kimya muda wote huo, kisha tukanywa chai.

Sasa hayo maswali yako. Ya kwanza, andika. Usiandike "bibi" tu, mabibi ni wengi. Andika jina lote, na mwaka ule, na ugonjwa uutaje. Kama wataongeza, waongeze.

Ya pili umesema utaitafakari. Hakuna cha kutafakari. Ulikosa usingizi baada ya babako kufa, na sababu moja ya kukosa ilikuwa mimi. Andika ndiyo. Na ukitoka kuandika, tafuta daktari huko huko, akuulize maswali uyajibu, kwa kadi yako mwenyewe. Nisije nikasikia umesema ni magoti.

Ukifika Jumatano, usipitie chumbani kwanza. Njoo jikoni. Nazi nitaikuna mimi. Wewe utakaa pale ulipokaa siku ile, na ulichoanza ukakatizwa, ukimalize. Sitakwambia unyamaze. Huenda nikakaa upande wa pili, sijui, mimi sina mazoea, lakini mlango nitaufunga ili Twaiba asitishike.

Muthoka anainuka. Natia jina hapa chini sawasawa, na mwaka, asije mtu akachanganya tena.

Mimi,
Mwanapili Mbarak, mzaliwa wa 1950,
niliyelia